Gunia la Nani? Kumsoma Vassanji Kutoka Takawiri

Karai, debe, gunia. Hapa Takawiri, kisiwa kidogo kilicho kati ya Rusinga na Mfangano upande wa Homa Bay, ukitaka kufanya biashara ya omena lazima uyajue maneno hayo matatu. Omena mbichi inatoka mashuani kwa karai, ikishakauka inapimwa kwa debe, na ile ya kusafiri kwenda Mbita na mbele zaidi inafungwa kwa gunia. Maneno yote matatu yalitoka India. Karai ni kile chombo cha kukaangia, debe ni kopo, gunia ni mfuko wa katani. Hakuna mtu ufuoni anayeyaona kama maneno ya wageni, na sioni kwa nini ayaone hivyo. Lakini maneno hayaogelei yenyewe kuvuka bahari. Kuna watu waliyabeba, na hao watu tunawajua kidogo mno.

Ndiyo maana nimerudi kuisoma The Gunny Sack ya M. G. Vassanji, riwaya iliyotoka mwaka wa 1989 katika mfululizo wa African Writers Series wa Heinemann, ikashinda tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza kwa kanda ya Afrika. Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka wa 1950, akakulia Dar es Salaam, na kwa miaka mingi amekuwa mwandishi wa Toronto. Hata kichwa cha kitabu ni chetu: hilo neno la Kiingereza, gunny, limetoka kwa goni ya Kihindi, kama vile gunia lilivyotoka huko huko. Maneno mawili, mama mmoja.

Sasa, sisi Wakenya tukishasema “Mhindi” tunaona tumemaliza. Mhindi gani? Kalasinga wa Punjabi aliyekuja na reli si Mgoa wa ofisini, na Mgoa si Mkutchi wa dukani. Vitabu vya shule vinapenda reli, kwa hivyo vijana wengi wanadhani Wahindi wote walishuka Mombasa na mataruma mabegani. Ukweli ni kwamba watu wa Kutch walikuwa Zanzibar na pwani yetu miaka mingi kabla ya reli hiyo kuwaziwa.

Kutch iko magharibi kabisa mwa India, katika jimbo la Gujarat, mpakani na Pakistan. Ni nchi kavu. Kaskazini yake kuna Rann, uwanda wa chumvi ambao hufunikwa na maji wakati wa mvua za masika ya kule, halafu ukakauka na kuwa mweupe hadi macho yakauma. Mvua ikikosa, na hukosa mara nyingi, kilimo kinakufa. Kusini yake kuna bahari, na bandari za Mandvi na Mundra. Mandvi hadi leo kuna mafundi wanaounda majahazi ya mbao. Hebu fikiria mtu aliyezaliwa hapo: nyuma yake chumvi, mbele yake maji na upepo unaomsukuma hadi Zanzibar. Si ajabu aliondoka.

Walioondoka wengine wakawa watu wazito. Jairam Shivji, ambaye familia yake ilitoka Mundra, alishika forodha ya Zanzibar enzi za masultani. Ushuru wa pembe, wa karafuu na wa watumwa ulipita mikononi mwa kampuni yake. Allidina Visram alizaliwa Kera, huko huko Kutch, mwaka wa 1851, akaja pwani akiwa mtoto wa miaka kama kumi na miwili. Alianzia Bagamoyo, akaeneza maduka hadi Kisumu, Kampala na Jinja, na alipofariki mwaka wa 1916 jina lake lilikuwa linajulikana kuzunguka ziwa hili lote. Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, duka la Kikutchi lilikuwa tayari kuipokea. Baadaye biashara ikateremka na ufuo hadi Kendu Bay na Homa Bay, ambako majengo ya zamani ya maduka bado yanaonyesha ramani ya safari hiyo. Kwa hivyo karai letu halikudondoka kutoka mbinguni.

Lugha ya watu hawa, Kikutchi, ni ndugu wa Kisindhi. Haina hati yake inayotumika sana. Ikiandikwa, huandikwa kwa hati ya Kigujarati. Mtoto wa Kutch akienda shule hufundishwa Kigujarati. Katiba ya India ina orodha ya lugha 22 zilizotambuliwa rasmi, na Kikutchi hakimo. Yaani hata nyumbani kwake ni lugha ya mdomo na ya jikoni. Hesabu za duka ziliandikwa kwa lugha nyingine, sala zikasomwa kwa lugha nyingine, serikali ikatawala kwa lugha nyingine. Kikutchi kilibaki cha kumwitia mtoto chakula, kugombana na jirani na kulia msibani.

Hapo ndipo riwaya inapoingia. Salim Juma, msimulizi, anarithi gunia kuukuu kutoka kwa ajuza wa familia, Ji Bai. Ndani yake mna vikorokoro na vitabu vya kale vya babu mkuu, Dhanji Govindji, aliyetoka India na kufungua duka katika mji mdogo wa pwani uitwao Matamu. Kila kitu kinachotolewa kwenye gunia kinazaa hadithi, na hadithi zinatupitisha kutoka wakati wa Wajerumani hadi Tanzania ya ujamaa. Vassanji analijua duka. Anajua jinsi deni linavyofunga watu kuliko undugu, jinsi jamii ndogo inavyochunga mlango wake, jinsi umbea unavyofanya kazi ya polisi. Ukimaliza sura zile za mwanzo huwezi tena kulitazama duka la kona kwa jicho lile lile. Anajua pia kwamba neno linaweza kubadilika likiwa njiani. Ubepari, ambao Azimio la Arusha la mwaka wa 1967 liliupiga vita, umetokana na neno la Kigujarati la mfanyabiashara tu, mtu wa kuuza na kununua. Jina la kazi likageuka jina la dhambi, na wenye jina wakajikuta upande mbaya wa historia.

Kwa hivyo ni kitabu kizuri, na ninataka kibishaniwe kama kitabu kizuri. Ugomvi wangu nacho ni Bibi Taratibu.

Bibi Taratibu ni mwanamke mtumwa ambaye Dhanji Govindji anapewa ili asilale peke yake. Anamzalia mtoto wa kiume, Huseni. Baadaye Dhanji anaoa mke wa jamii yake na Bibi Taratibu anawekwa kando. Huseni akikua anatoweka, na baba anazeeka akimtafuta, akila hata pesa za jamii alizokabidhiwa, hadi anauawa. Salim anayetusimulia ni wa ukoo wa Huseni. Yaani bila Bibi Taratibu hakuna msimulizi, na bila msimulizi hakuna kitabu.

Sasa tazama majina. Riwaya ina sehemu tatu, na zote zina majina ya wanawake: Ji Bai, Kulsum, Amina. Hata gunia lenyewe lina jina la kike, Shehrbanoo, Shehru kwa mkato, na linasimulia kama yule mke wa sultani wa Alfu Lela Ulela. Kitambaa cha katani kimepewa sauti. Bibi Taratibu hana sehemu yake, na sauti yake huisikii. Jina lake lenyewe linanuka umiliki: taratibu, mpole, asiyesumbua. Ni jina ambalo mtu hupewa na wengine kwa faida yao.

Utaniambia, si hiyo ndiyo historia yenyewe? Watumwa hawakuacha daftari. Mwandishi mwaminifu hawezi kubuni sauti ambayo kumbukumbu haikuihifadhi. Nakubali hoja hiyo ina uzito, na pengine Vassanji alinyamaza kwa heshima. Lakini kuna swali moja ambalo riwaya ingeweza kuliuliza bila kubuni chochote: usiku, mlango ukishafungwa, hawa wawili walizungumza lugha gani?

Dhanji alikuwa mgeni. Yeye, ndiye mwenye mji kidogo kumshinda, ingawa naye huenda aliletwa kutoka bara akiwa na lugha yake ya kwanza ambayo kurasa hizo hazitupi. Lazima kulikuwa na maneno ya kati. Kiswahili chake, Kikutchi cha bwana, vyote vikikatwakatwa hadi vikatoshea chumba kimoja. Na Huseni alijifunza kusema akiwa katikati ya hayo.

Hili silioti. Leo wataalamu wa lugha wana ingizo katika orodha zao linaloitwa Cutchi-Swahili, krioli ya hapa Kenya ambayo msingi wake ni Kiswahili na wasemaji wake ni familia za Kiasia. Ni lugha ya mama kwa watu. Wengi wetu tumeisikia, au tumesikia kivuli chake, na tukaicheka. Ule Mhindi wa vichekesho vya televisheni, anayesema “wewe nakuja hapa” na ukumbi mzima ukavunjika mbavu, si tunamjua? Tunadhani ni mtu aliyeshindwa kujifunza Kiswahili. Hakuna anayetuambia kwamba huenda bibi yake wa zamani alikuwa Mwafrika, na kwamba anachokisema amekirithi, hajakikosea.

Ukilisoma hivyo, lile “shamba” la lugha iliyochanganyika lina mama, na mama huyo ni mtu kama Bibi Taratibu. Urithi wake mkubwa kuliko wote, ulimi wenyewe wa ukoo, uko kila mahali isipokuwa ndani ya gunia. Vassanji ameweka vitabu na vikorokoro. Sauti ya jikoni imebaki nje, na riwaya imeandikwa kwa Kiingereza safi kinachonyunyiziwa maneno ya huku na kule kama kitoweo.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili, na sababu hiyo iko hapa kisiwani. Nyanya yangu alikuwa Msuba, na Olusuba ndiyo lugha aliyolelewa nayo. Sisi wajukuu tunazungumza Dholuo, Kiswahili na Kiingereza, kwa mpangilio unaotegemea nani anasikiliza. Waluo hawakutupiga ili tuache Olusuba. Tulioana nao, tukauziana samaki, tukasali pamoja, tukasomea Dholuo, na siku moja nyumba ikawa haina tena lugha yake ya zamani. Mfangano kuna redio ya jamii inayojitahidi kuirudisha hewani. Serikali nayo inatuhesabu kama kabila kamili. Kabila lipo kwenye fomu, lugha inatafutwa kwa tochi.

Wahindi wa Kenya nao walitangazwa kuwa kabila la 44 mnamo Julai 2017. Wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi baada ya miaka mingi ya kuulizwa “nyumbani kwenu ni wapi?” Lakini fomu hiyo pia imewamwaga wote katika karai moja: Mkutchi, Mpunjabi, Mgoa, Mbohora. Mjukuu wa mjenzi Mpatel aliyetoka vijiji vya karibu na Bhuj anakulia Parklands akisema Kiingereza, Kigujarati kidogo cha hekaluni, na Kikutchi cha kumjibu bibi kwa neno moja moja. Hali hiyo naijua. Naijua kutoka ndani.

Sitaki mtu anielewe vibaya, nikaonekana nasema tuko sawa. Duka lilikuwa na daftari la madeni, na aliyeandikwa humo mara nyingi alikuwa mvuvi wa hapa. Forodha ya Zanzibar ilikula ushuru wa vichwa vya watu. Kitabu kinachowahurumia Wakutchi bila kulisema hilo kingekuwa cha uongo, na sifa moja ya The Gunny Sack ni kwamba inalisema: babu mkuu ni mwenye kumiliki mtu, na mwanzo wa ukoo ni kosa lake. Kasoro ninayoisema imekaa karibu na hapo hapo. Riwaya inakiri dhambi ya babu lakini haifuatilii alichoacha mama.

Na mambo haya hayakwenda upande mmoja. Gujarat, Kutch ikiwemo, kuna Masidi, kizazi cha Waafrika waliovushwa bahari kwenda huko. Wana ngoma yao ya ibada wanayoiita goma. Wamepoteza lugha, wameshika neno moja, na neno hilo ni letu. Sisi tumeshika karai, wao wameshika ngoma. Laiti mwandishi mmoja angeziweka hadithi hizo mbili katika jalada moja.

Basi itafute The Gunny Sack uisome, hasa kama umekulia mjini na Mhindi kwako ni mwenye nyumba au mwenye supermaketi tu. Isome ukiwa na penseli, na kila Bibi Taratibu anapopita weka alama pembeni. Alama hazitakuwa nyingi. Kisha, kama wewe ni kijana wa Ngara, Kisumu au Kariakoo ambaye nyumbani kwenu wanazungumza ule mchanganyiko ambao watu wanaucheka, tuandikie hadithi kwa mchanganyiko huo huo, bila kuusafisha. Mimi kwa Olusuba siwezi tena. Wewe bado una mtu wa kumuuliza.