Toba ya Padri Drumont

Ni rahisi msomaji kumhurumia Padri Drumont, katika riwaya ya Mongo Beti Le Pauvre Christ de Bomba (1956), kwa kuwa ni mmisionari anayethubutu kujihoji. Akizuru nchi ya Tala, huko Kameruni chini ya Wafaransa, anang'amua kwamba wakaao kando ya barabara walimkimbilia yeye kwa hofu ya kazi za shuruti. Lakini hujiuliza tu kama mafundisho yake yameshika, siyo kama aliwapenda watu.

Kipimo chake ni sixa, nyumba ya misheni walimokaa wanawake waliongoja kufunga ndoa, wakitumikishwa bila ujira. Uasherati wa humo ulipofichuka, wanawake hao, ndio waliodhulumiwa, walihojiwa kwa viboko; daktari akakuta kaswende, nao wakarudishwa makwao. Denis, mtumishi mdogo anayesimulia katika shajara yake, haoni ajabu yoyote, na kejeli ya Beti yote imesimama juu ya unyofu huo. Padri aliyejihukumu kwa ukali namna ile hakubaki kuwauguza. Alifungasha mizigo, akarudi Ulaya.