Ramani ya Tornhill haiioni Geita

Tuseme umeajiriwa halmashauri moja huko Kahama, unakabidhiwa programu ya mwaka 2008. Aliyeiandika alishaondoka. Unaanza kukagua wapi?

Adam Tornhill, mtaalamu wa programu kutoka Sweden, ana jibu kwenye kitabu chake Your Code as a Crime Scene (2015): usisome kila kitu. Fungua historia ya mabadiliko, hesabu kila faili limebadilishwa mara ngapi, kisha tazama ukubwa wake. Faili kubwa linaloguswa kila wiki ndilo la kushuku kwanza. Wazo zuri, na linaokoa muda kweli. Faili bovu ambalo hakuna anayeligusa linaweza kusubiri.

Hapo kwenye kusubiri ndipo ninapobishana naye.

Hadi 2012 Geita haikuwa mkoa. Wilaya ya Geita ilikuwa Mwanza, Chato ilikuwa Kagera, Bukombe ilikuwa Shinyanga. Machi mwaka huo zikawekwa pamoja kuwa mkoa mpya, na Bukombe yenyewe ikamegwa, tukapata Mbogwe. Tanzania Bara ikatoka mikoa 21 hadi 25. Sasa, ndani ya programu yako orodha ya mikoa imeandikwa moja kwa moja kwenye msimbo: mistari 21, faili fupi, halijaguswa tangu siku ya kwanza. Kwa hesabu ya Tornhill halitajwi kabisa. Lakini zahanati ya Bukombe ikiagiza dawa, agizo linaingia hesabu ya Shinyanga, na programu haitoi kosa lolote. Inajibu kwa ujasiri uleule.

Tornhill anazungumzia pia mafaili yanayobadilika pamoja, na kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya kitabu. Ila nayo inataka badiliko liwe limeshatokea. Na huku kwetu historia yenyewe mara nyingi hamna: unapewa flashi yenye folda inaitwa "mwisho_mpya2", basi.

Kwa hiyo tumia hesabu yake, ila ongeza swali: kipi humu kinategemea uamuzi unaofanyika nje ya kompyuta? Mipaka, kodi, ada. Mrabaha wa dhahabu ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6 mwaka 2017. Mfumo wa mapato ulioandikwa kabla ya hapo unaweza kuwa na 0.04 imejificha sehemu kadhaa. Itafute. Halafu tafuta neno "Shinyanga" kwenye msimbo wote, uone limeandikwa kwenye mafaili mangapi.