Hesabu Zilizomkwamisha Salim mwaka 1981

Kila anapotajwa Dkt. Salim Ahmed Salim, kisa cha mwaka 1981 husimuliwa kwa mkato: Mtanzania alikaribia ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ikamwekea ngumu kwa kuwa ujumbe wa Tanzania ulicheza ukumbini miaka kumi kabla, China ilipopewa kiti chake. Simulizi tamu, ila haituonyeshi kazi yenyewe ilivyofanyika. Kwa maoni yangu, Salim alikwama kwa sababu stadi iliyomkuza New York ilikuwa stadi ya Baraza Kuu, ilhali cheo alichokiwania huanza kuamuliwa na Baraza la Usalama, ambako kura huhesabiwa kwa namna nyingine kabisa.

Alipofika New York mwaka 1970, baada ya ubalozi wa Cairo aliopewa akiwa na umri wa miaka 22, kisha New Delhi na Beijing, alikuta Baraza Kuu limejaa nchi zilizotoka kujitawala, kila moja na kura yake. Aliyejua kuziunganisha nchi za Afrika, kisha kuzivuta na nyingine zisizofungamana na upande wowote, alikuwa na nguvu kuliko ukubwa wa nchi yake. Suala la kiti cha China linaonyesha hilo vizuri. Tarehe 25 Oktoba 1971 Marekani ilitaka kwanza suala hilo litangazwe kuwa zito, ili lihitaji theluthi mbili. Ikashindwa kwa kura 59 dhidi ya 55. Vita halisi viliishia hapo, kwenye kanuni, kabla hoja yenyewe haijapita kwa 76 dhidi ya 35. (Kwa hesabu kavu, 76 kwa 35 inavuka hata theluthi mbili, lakini baada ya kizingiti kuanguka wasiotaka kuonekana wameshindwa huhamia upande wa washindi.) Salim aliendelea na kazi hiyo ya kuunganisha kura akiongoza kamati ya kuondoa ukoloni kuanzia 1972 hadi 1980, na mwaka 1979 akachaguliwa kuwa Rais wa Baraza Kuu.

Baraza la Usalama halina mchezo huo. Mgombea anahitaji kura 9 kati ya 15, na asipingwe na hata mmoja wa wanachama watano wa kudumu. Katika duru ya kwanza, tarehe 27 Oktoba 1981, Salim alipata 11 na Kurt Waldheim wa Austria, katibu mkuu wa wakati huo aliyetaka muhula wa tatu, akapata 10. Wote wawili walivuka tisa, na wote wawili wakakwama: Marekani ilitumia kura ya turufu dhidi ya Salim, China dhidi ya Waldheim, na China iliirudia mara 16. Mkwamo ulidumu wiki kadhaa hadi Olara Otunnu wa Uganda, aliyekuwa rais wa Baraza la Usalama mwezi Desemba, alipowaomba wote wawili wakae kando. Kisha akapima majina mapya kwa kura ya majaribio, ili ijulikane mapema nani angepingwa na wakubwa. Tarehe 11 Desemba Javier Pérez de Cuéllar wa Peru akapita.

Je, ngoma ya 1971 haikuchangia? Huenda iliacha kinyongo, na George Bush, aliyekuwa balozi wa Marekani pale siku ile, mwaka 1981 alikuwa makamu wa rais. Lakini serikali ya Reagan ilikuwa na sababu nzito zaidi, kuanzia msimamo wa Salim juu ya Namibia na Afrika Kusini hadi Palestina. Hata asingecheza mtu, hayo yangebaki. Wapo wanaosema alipaswa kujitoa mapema kumwachia nafasi Mwafrika mwingine. Hoja hiyo inasahau kwamba bila jina lake lililobebwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), China isingekuwa na sababu nyepesi ya kumzuia Waldheim hadi mwisho, na kiti kingebaki Ulaya.

Mwaka 1989 Salim alichaguliwa kuongoza OAU huko Addis Ababa, katika mkutano ambamo hakuna nchi yenye kura ya turufu. Alirudishwa mara mbili na kuondoka mwaka 2001.