Mke 'Mwenye Moyo' katika Wimbo wa Kantri

Mashabiki wa muziki wa kantri humu nchini, nao ni wengi ajabu kwa muziki uliozaliwa Marekani, huuchukulia "Good Hearted Woman" kuwa wimbo wa kumsifu mke. Waliuimba Waylon Jennings na Willie Nelson, na mwaka 1976 ukafika kileleni mwa chati za kantri.

Majuzi niliusikia garini tukipita Kipsing, kaunti ya Isiolo. Dereva, kijana wa huko, akanifafanulia: "Prof, huyu jamaa anasifu bibi mchapakazi. Kama hawa tu." Nje walipita akina mama na mitungi ya maji waliyoteka katika visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa laga.

Mchapakazi? Hebu tuvipekue vitenzi. Mke wa wimbo huu anapenda, anavumilia, halalamiki, na sherehe zikiisha anampokea mume aliyekesha na marafiki. Basi! Hapiki, hachoti maji, hajengi. Anasifiwa kwa yale asiyoyafanya: haulizi, haondoki. Sifa za aina hii, kusema kweli, humfaa zaidi anayezitoa.

Hata hivyo, sitamkosoa dereva. Kiswahili kimemsaidia kusikia wimbo bora kuliko ule ulioandikwa. Moyo mwema wa Kiingereza ni wema na upole. Kwetu, ukisema "mama huyu ana moyo", unamaanisha kwamba hakati tamaa hata kazi ikiwa nzito vipi. Tena kwa Wasamburu nyumba, yaani nkaji, hujengwa na mwanamke. Kijana aliyelelewa humo atamwazaje mke mwema ambaye mikono yake haina kazi?

Tatizo ni kwamba fasiri hiyo tamu inaficha jambo. Jennings alisimulia kuwa wazo la wimbo lilimjia mwaka 1969 alipoona tangazo gazetini kuhusu Ike na Tina Turner, lililomsawiri Tina kama mwanamke mwema anayependa wanaume wasio waaminifu. Tina ndiye aliyekuwa mchapakazi hasa: jukwaani usiku baada ya usiku, na nyuma ya jukwaa akipigwa na mumewe. Julai 1976, mwaka uleule wimbo ulipofika kileleni, alimtoroka Ike jijini Dallas, akiwa na senti 36 na kadi ya kununulia petroli.