Kalenda ya Kiyahudi: Ufundi wa Kuupatanisha Mwezi na Majira

Kalenda ya Kiyahudi huhesabu miezi kwa mwandamo, na wakati huohuo hutaka kila sikukuu ibaki katika majira yake. Masharti hayo mawili hayapatani kirahisi. Mwezi mwandamo una siku 29 na nusu hivi, na miezi 12 hutimiza siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Bila marekebisho, Pasaka ingezunguka misimu yote katika muda wa miaka 33 hivi. Lakini Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, inaagiza Pasaka iadhimishwe mwezi wa Abibu, shayiri inapotoa masuke. Kulitii agizo hilo kulihitaji mafundi wa hesabu.

Hapo kale kazi hiyo ilikuwa ya baraza la Sanhedrini. Walioona mwezi mchanga walifika Yerusalemu wakahojiwa, kisha habari ikaenezwa kwa mioto juu ya vilima, na baadaye kwa wajumbe. Wazee wa baraza walikagua pia shayiri, matunda ya miti na mwendo wa jua. Majira yakichelewa, waliongeza mwezi wa 13. Mapokeo humtaja Hillel wa Pili kuwa ndiye aliyeweka kanuni ya kudumu mwaka 359 hivi: katika kila miaka 19, miaka 7 hupewa mwezi wa ziada. Tangu hapo Wayahudi waliotawanyika duniani waliweza kufunga na kusherehekea pamoja bila kungoja mjumbe.

Mkazi wa uwanda wa kati wa Tanzania ana sababu ya kuuelewa ufundi huu. Yerusalemu na Dodoma hupata kila mmoja milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, tena katika msimu mmoja tu: Yerusalemu kuanzia Oktoba, Dodoma kuanzia Desemba, na kote huishia Aprili hivi. Kisha huja kiangazi kirefu. Katika nchi kame kama hizo, siku ya kupanda na siku ya kuvuna ni mambo ya uhai, na kalenda ya Kiyahudi imeyaingiza ndani ya ibada. Mwishoni mwa Sikukuu ya Vibanda, mvua zikikaribia, husaliwa sala ya mvua. Wakati wa Pasaka, zikikatika, huombwa umande. Enzi za Hekalu, mganda wa kwanza wa shayiri ulitolewa siku za Pasaka, zikahesabiwa siku 49, na siku ya 50 ikawa Sikukuu ya Majuma, ya malimbuko ya ngano. Hivyo ukombozi kutoka Misri na chakula cha mwaka hushukuriwa kwa pamoja, kwa Mungu yuleyule.

Urithi wa hesabu hiyo upo Dodoma. Dayosisi ya Anglikana ya Central Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1927, huadhimisha Pentekoste siku ya 50 ya Pasaka ya Kikristo, majira ambayo Wagogo huvuna uwele na mtama. Uislamu umeshika njia nyingine: Kurani, katika Sura At-Tawba, inakataza kuahirisha miezi mitukufu, na miezi ni 12 tu. Kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu: ya mwaka 2000 ilianza mwishoni mwa Novemba, wakulima wa Dodoma wakisubiri mvua. Ya mwaka 2017 ilianza mwishoni mwa Mei, wakati wa mavuno. Mfungo humkuta muumini katika shibe na katika uhaba.

Huko Mbale, Uganda, Abayudaya, waliofuata Uyahudi tangu mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu, huadhimisha Pasaka mvua kubwa zikianza, si zikikoma. Hata hivyo huishika tarehe ileile, kwa kuwa kalenda huwaunganisha na watu wote wa agano.

Kuyashika mwandamo na majira kwa pamoja, bila kukiacha kimoja, ni kazi ya akili na ya imani. Hesabu yote ya miaka 19 ina shabaha moja: shukrani isichelewe kufika kwa wakati wake. Ufundi wa namna hiyo unastahili heshima ya kila anayeishi kwa kutegemea mvua.