Mandhari Badala ya Jina: Uhakiki wa Shairi la 3 la Kuruntokai

Ushairi wa Kitamili wa kipindi cha Sangam hugawanywa katika akam, yaani mambo ya ndani ya mapenzi, na puram, yaani mambo ya hadharani kama vile vita na sifa za wafalme. Kwa mujibu wa Tolkappiyam, sarufi kongwe ya Kitamili, wapenzi katika akam hawatajwi kwa majina. Swali la kihakiki linalozuka ni namna nafsi hizo zinavyopata upekee.

Kazi hiyo hufanywa na mandhari. Mlima (kurinji) huashiria kukutana kwa wapenzi. Msitu (mullai), subira ya mke. Mashamba (marutam), ugomvi unaotokana na usaliti wa mume. Pwani (neytal), majonzi ya kungoja. Na nyika kavu (palai), utengano. Kuihakiki mandhari hiyo kama pambo la fani tu ni kuiacha nusu ya maudhui.

Shairi la 3 la Kuruntokai, lililotungwa na Tevakulattar, linathibitisha hoja hii. Msichana anayapima mapenzi yake kwa ardhi, mbingu na maji, vipimo ambavyo mpenzi yeyote angeweza kuvitumia. Kisha anamtaja mwanamume kwa milima yake, ambako nyuki hutengeneza asali kutokana na maua ya kurinji. Ua linalotambuliwa leo kwa jina hilo huchanua mara moja katika miaka 12. Kwa msingi huo, asali inayotajwa ni tunda la kungoja. Utamu wake huonjwa, haupimwi. Msichana hasemi kwamba wamekwisha kukutana: mlima umelisema hilo kwa niaba yake.

Inaweza kudaiwa kwamba kanuni za aina hii huufanya utunzi kuwa wa kukariri. Hata hivyo, mashairi ya Kuruntokai aghalabu yana mishororo 4 hadi 8 tu, na ufupi huo unawezekana kwa sababu hadhira inazijua kanuni. Aidha, Tolkappiyam yenyewe inaruhusu mandhari kuchanganywa.

Tangu U. V. Swaminatha Iyer alipochapisha Purananuru mwaka 1894 kutokana na miswada ya majani ya mtende, ushairi huu umetumiwa sana kuthibitisha ukale wa Watamili. Matumizi hayo yana uzito wake. Lakini ushairi unaosomwa kama ushahidi wa historia pekee hupoteza kile kilichoufanya uhifadhiwe: ustadi wa kusema ya moyoni bila kumtaja mtu.