Grosari, Mvinyo na Pombe Kali: Maneno ya Maduka ya Vileo Arusha

Mgeni anayeingia Arusha kwa barabara ya kutoka Moshi hupita Usa River, Tengeru na Sanawari kabla hajafika Mnara wa Saa, na katika mwendo huo huwa amekwisha kusoma vibao vingi vya mahali panapouzwa vileo. Vingine vimeandikwa baa, vingine grosari, vingine duka la vinywaji, na vingine maneno ya Kiingereza matupu. Akiwa anatafuta chupa moja ya divai njema ya kumpelekea mwenyeji wake, vibao hivyo havitamfaa sana. Itambidi aulize, na akiuliza atajibiwa kwa maneno yale yale yaliyomtatiza.

Twaona kwamba jambo hili lastahili kutazamwa na wanaoshughulika na istilahi, ingawa kwa desturi hatulitazami. Tumezoea kukusanya maneno ya fizikia na ya benki, tukayaacha ya mitaani yajitafutie njia. Katika duka la vitambaa neno lisilo na mpaka humpotezea mnunuzi fedha. Katika duka la pombe kali laweza kumpotezea macho.

Tuanze na neno grosari. Asili yake ni Kiingereza, na huko kwao maana yake ni duka la vyakula vya nyumbani: sukari, majani ya chai, maziwa ya kopo. Nchini Tanzania neno hili limehama kabisa. Grosari ya Kaloleni au ya Ngarenaro ni kibaa kidogo chenye viti vya plastiki, jokofu moja au mawili, na pengine jiko la nyama choma mlangoni. Mtu haendi grosari kununua unga. Lakini mpaka wa Namanga ukivukwa, mambo hugeuka: kwa Mkenya grosari ni kibanda cha mboga na matunda, na duka la chupa za vileo huitwa kwa maneno ya Kiingereza ‘Wines and Spirits’. Basi dereva wa lori kutoka Nairobi aliyeagizwa nyanya akafuata kibao cha grosari pale Sakina atawakuta watu wamekaa na bia zao saa nne asubuhi, naye atatoka bila nyanya.

Wapo wanaosema kwamba grosari ni kosa na lifutwe. Hatukubaliani nao. Neno lililokwisha kuingia katika vinywa vya watu wengi hivi halifutwi kwa tangazo, wala halina ubaya kwa kuwa tu limeacha maana ya kwao. Kiswahili kimefanya hivyo na maneno mengi ya Kiarabu na hakuna anayelalamika. Ubaya wake ni mwingine. Grosari halisemi kama mteja ananywea papo hapo au anachukua chupa na kwenda zake. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa leseni za biashara hii. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ilitenga ruhusa ya kuuza kileo kinachonywewa mahali pa mauzo na ruhusa ya kuuza kileo kinachochukuliwa. Sheria yenyewe ilitungwa kwa Kiingereza, na wakati huo hilo lilikuwa jambo la kawaida. Lakini mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni dhahiri kwamba hakimu, ofisa biashara na mwenye duka sasa wanahitaji majina mawili yasiyogongana, wala grosari haliwezi kuwa mojawapo.

Je, duka la vinywaji? Neno hili lina adabu, na hapo ndipo penye hila. Kinywaji ni maji, ni soda, ni togwa, ni chai. Katika mazungumzo ya heshima twasema ‘kinywaji’ tukikusudia bia, kama tunavyosema ‘msalani’ tukikusudia choo. Tasifida haina lawama mezani. Ikipandishwa kibaoni huficha kile ambacho kibao kimewekwa kukionyesha. Chupa zenyewe hubeba onyo kwamba zisiuzwe kwa walio chini ya umri wa miaka 18, ilhali kibao cha nje chamkaribisha kila aliyetumwa soda. Twapendelea duka la vileo. Tunajua wenye maduka hawalipendi, kwa kuwa ndani yake mna sauti ya kulewa, na mfanyabiashara hataki kumwambia mteja mwisho wa safari yake. Hata hivyo ni neno sahihi, fupi, na tayari limo katika jina la sheria kama linavyotajwa kwa Kiswahili. Panapouzwa chupa za kuchukua pawe duka la vileo. Panaponywewa pawe baa. Grosari na ibaki mitaani kama jina la baa ndogo, ila isiingie katika leseni.

Kuna jina la tatu ambalo halina utata, nalo lina historia chungu. Kilabu, yaani kilabu cha pombe, ni mahali pa pombe za kienyeji. Wakati wa ukoloni serikali za miji ziliweka vilabu ili pombe ya Waafrika inywewe mahali palipojulikana na kulipiwa ushuru, na vinywaji vya chupa vikabaki vya hoteli na baa za wengine. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ulikuwa umekwisha kuweka marufuku ya biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na sheria za makoloni zikamtenga Mwafrika na chupa hizo. Utengano huo ulikwisha katika sheria, haukwisha katika maneno. Hadi leo utamsikia mtu akisema, ‘Mimi sinywi pombe, nakunywa bia.’ Hatanii. Kwake yeye pombe ni ya kilabuni, na bia ni kitu kingine, ingawa vyote viwili ni nafaka iliyochachuka. Mwanaistilahi hawezi kulikubali fumbo hilo: pombe ni jina la jumla, nayo bia ni aina mojawapo.

Kwa upande wa bia, Arusha haina shida kubwa. Jiji lina kiwanda chake cha bia, kimojawapo cha viwanda vya Tanzania Breweries, na mnywaji hutaja jina la chupa tu. (Hutaja pia ‘ya baridi’ au ‘ya moto’, na mgeni asishtuke, bia ya moto haikuchemshwa, haikutiwa katika jokofu basi.)

Shida kubwa ipo kwenye mvinyo. Neno hili tulilipata kwa Wareno, ambao kwao ni kileo cha zabibu na si zaidi. Kwetu lilipanuka, na kamusi za wakati wa ukoloni zikaliweka kuwa divai na pombe kali kwa pamoja. Divai nalo latokana na Kifaransa, kwa maana ile ile ya kileo cha zabibu. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 yatumia yote mawili: katika harusi ya Kana ni divai, na katika maonyo ya Mithali ni mvinyo. Msomaji hujengewa hisia kwamba divai ni njema na mvinyo ni mbaya, ijapokuwa zabibu ni zile zile. Hisia hiyo si ya kupuuzwa katika nchi ya Meru, ambako Ulutheri umeota mizizi na divai ni ya Meza ya Bwana. Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini neno lililo bora kuliko yote halionekani kwenye vibao. Mwenye duka aliye mshiriki wa kanisa huona haya kuliandika juu ya kreti za bia, na muuzaji kijana amekimbilia waini, neno la Kiingereza lililovikwa irabu.

Matokeo yake twayaona kaunta. Ukiomba mvinyo katika duka la mtaani waweza kupewa divai nyekundu kutoka Afrika ya Kusini, waweza kupewa dompo ya Dodoma, na waweza kupewa chupa ya kitu kilichokenekwa chenye nguvu mara tatu ya divai. Ukiomba waini utapewa ulichotaka. Hilo ni pigo kwetu sote tunaojidai kulinda msamiati, kwa maana neno la mkopo jipya limefanya kazi ambayo maneno mawili ya mkopo ya zamani yameshindwa kuifanya. Bado hatuoni sababu ya kusalimu amri. Dodoma hulima zabibu na kutengeneza divai. Nchi yenye mashamba yake ya mizabibu haiwezi kukosa neno la kile kinachotoka mashambani humo. Divai liwe la zabibu, peke yake. Mvinyo, kwa kuwa limekwisha kuchafuka, tuliache kwa washairi na wafasiri wa vitabu vitakatifu, lisitumike katika lebo wala leseni.

Kwa vile vilivyokenekwa, yaani vilivyochemshwa na mvuke wake ukakusanywa, neno la watu ni pombe kali, nasi twaliunga mkono. Spiriti haifai hata kidogo. Kwa Mswahili spiriti ni ile ya hospitali ya kusafishia kidonda, na ile ya kuwashia taa. Mtu asije akadhani kwamba vyote ni kimoja. Na mtafsiri anayefasiri neno kwa neno angeweza kutuletea duka la ‘divai na roho’, jambo ambalo kwa Mwislamu na Mkristo pia lingekuwa kituko.

Konyagi lina mkasa wake. Lilianza kama neno letu la kutajia brandi ya Cognac ya Ufaransa, kisha likawa jina la kinywaji cha kiwanda cha Dar es Salaam, kileo cheupe cha asilimia 35 ambacho hakina uhusiano na zabibu. Leo ukisema konyagi hakuna anayefikiri Ufaransa. Kamusi inayoendelea kulieleza kwa maana ya kwanza tu imepitwa na wakati.

Nayo gongo, iliyo haramu, ina majina mengi kuliko vileo halali. Mojawapo ni moshi, na sheria ya mwaka 1966 ya kudhibiti utengenezaji wake ilibeba jina hilo hilo la Kiswahili ndani ya Kiingereza chake. Msomaji wa Arusha aliye jirani na mji wa Moshi na asonge mbele kwa uangalifu. Hatari ya gongo ni kwamba huweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha, na mnunuzi hawezi kuitambua kwa jicho. Ndiyo sababu pombe kali ya dukani huhitaji stempu ya kodi, ambayo tangu mwaka 2019 ni ya kielektroniki, na mnunuzi anayejua afanyalo huitazama kabla ya kutazama bei. Viroba, vile vifuko vya plastiki vilivyopigwa marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017, vilikuwa vimekwisha kuligeuza jina la mfuko wa nafaka kuwa jina la kileo. Vifuko vimeondoka, maana mpya ingali katika masikio ya vijana.

Tukipanda kuelekea Meru, tutakuta migomba na neno lisilohitaji fasiri. Mbege, ya ndizi na ulezi, huungwa kwa gome la msesewe na kunywewa ingali changa. Haichukuliki mbali, kwa hiyo duka lake ni kilabu, na kilabu ndilo jina lake sahihi. Dengelua, ya miwa, ni vivyo hivyo. Swali gumu ni kile kinachotengenezwa viwandani Arusha kwa ndizi na kutiwa chupani, kama Raha ya Banana Investments, ambacho kwa Kiingereza hupewa jina la divai. Si mbege, kwa kuwa hakina ulezi na hukaa dukani. Kukiita mvinyo wa ndizi ni kurudi kwenye tope lile lile, na kukiita divai ni kuivunja kanuni tuliyoiweka hapo juu. Twapendekeza kileo cha ndizi, hadi watengenezaji au wanywaji watakapotupa neno lililo fupi zaidi. Nasi twadhani litatoka Tengeru kabla ya kutoka Dar es Salaam.